Mtoto kamwaga, nani ashike dekio? Tathmini ya sehemu za kula Tanga mjini

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, migahawa ya pilau na biriani kuanzia katikati ya mji hadi barabara za Ngamiani hujaa familia. Baba kakaa upande wa ukutani, mama kapakata wa mwisho, wa miaka mitatu kasimama juu ya kiti cha plastiki. Dakika kumi haziishi, sahani imepinduka. Wali wa nazi uko chini ya meza, mchuzi unachuruzika kwenye mguu wa kiti, na bilauri ya juisi ya ukwaju imelala ubavu, bado inatiririka. Mama anamtazama mhudumu, mhudumu anatazama mlango wa jikoni.

Sehemu inayopokea familia hupimika hapo kuliko kwenye sahani. Pilau nzuri Tanga si habari ya kumpigia mtu simu. Habari ni nani anafika kwanza pale chini, kashika nini mkononi, na baada ya dakika tano sakafu iko vipi. Kwa kipimo hicho, sehemu nyingi za mji huu zinapata alama za juu kwa uungwana na za chini kwa vifaa. Zipo pia zinazokosa vyote viwili.

Kwanza mgawanyo wa kazi, maana ndiyo unaogombanisha watu. Kinachookoteka ni cha mzazi. Kilicholowesha sakafu ni cha mgahawa. Kilichotoka mwilini mwa mtoto, mzazi ashughulike na mtoto, mgahawa ushughulike na sakafu. Pampasi ni ya mzazi mwanzo mpaka mwisho, haina mjadala. Wapo watakaosema mteja kalipa hivyo asiiname, na wapo watakaosema mwenye mtoto ndiye mwenye uchafu wake. Wote wanasahau vifaa. Mzazi ana tishu tatu na ncha ya mtandio. Mgahawa una maji, sabuni, ndoo, dekio na chupa ya Jik, au unapaswa kuwa navyo. Mzazi akijitia kufuta mchuzi kwa tishu anautandaza tu, na atakayeteleza ni mhudumu wa meza ya pili mwenye sinia la chai mkononi.

Mzazi muungwana husema, "Kaka samahani, mtoto kamwaga, naomba fagio." Mhudumu aliyefunzwa hujibu, "Acha tu mama, hiyo kazi yangu." Jibu hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuendelea kula. Kwa watu wa mwambao "acha tu" ya kwanza ni adabu. Ya kushika ni ya pili. Kwa hiyo mzazi anaokota minofu, mifupa na matonge makubwa, anayarudisha kwenye sahani ile ile iliyopinduka, anamsogeza mtoto, ndipo anaachia. Mtoto wa miaka minne na kuendelea aokote naye, maadamu hakuna kilichovunjika na si uchafu wa mwili. Mgahawa unaoleta fagio kweli ukamkabidhi mama mkononi umefeli. Na mzazi anayehamia meza nyingine kimyakimya, wali ukakanyagwa hadi mlangoni, naye kafeli, hata akiacha hela ya soda.

Wali wa nazi una tabia yake. Ukiwahiwa haujalowa, unafagilika. Ukimwagiwa maji kwanza unageuka uji, na mafuta ya tui yanatambaa juu ya vigae. Panaanza fagio laini na kizoleo. Yafuate maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, vijiko viwili vya chakula kwa ndoo ya lita kumi. Kisha maji matupu. Mwisho kukausha kwa tambara kavu au ule mpira wa kusukumia maji. Sabuni isizidi: ikizidi inaacha utando, na utelezi wa sabuni ni mbaya kuliko wa tui. Hatua inayorukwa na karibu kila mgahawa ni ya mwisho. Mhudumu anadeki, anaondoka, sakafu inabaki imelowa mbele ya mlango wa jikoni. Wenye akili hulaza kiti kuzuia njia mpaka pakauke, na hicho kiti kilicholazwa ni alama nzuri kabisa ya mahali panapojua kazi.

Kosa lililoenea zaidi ni kuja na dekio bichi moja kwa moja. Punje zinaingia kwenye nyuzi, zinasafiri hadi meza ya jirani, na nyingine zinaozea humo humo mpaka dekio lenyewe linatoa harufu ya wali uliochacha. Saa moja baadaye pale palipofutwa pananata chini ya kandambili na sisimizi wameshapanga msafara. Fagio la chelewa nalo lisiingie ndani: kwenye vigae linarusha punje badala ya kuzikusanya. Hilo la uani.

Juisi ni suala jingine, hasa ya ukwaju na ya ndimu. Baadhi ya majengo ya zamani katikati ya mji yana sakafu ya terazo, yaani saruji yenye vipande vya marumaru iliyosuguliwa ikang'aa. Tindikali ya ukwaju hula marumaru na saruji. Ikiachwa mpaka wateja wa meza ile wamalize kula, pale palipolowa panafubaa, na hakuna dekio litakaloparudisha. Mpaka fundi aje asugue upya. Kwa hiyo juisi kwenye terazo haisubiri bili. Inyonywe kwa tambara kavu, ioshwe kwa maji, ndipo sabuni. Kwenye vigae vya kawaida shida ni mistari ya saruji katikati ya kigae na kigae: sukari inakaa humo, nzi wanakuja asubuhi. Mistari hiyo inataka brashi, dekio halifiki.

Maziwa na mtindi tusiyakalie sana, ingawa Tanga ni mji wa maziwa na kiwanda cha Tanga Fresh kiko hapa hapa. Maji baridi kwanza, ya moto marufuku. Ya moto yanagandisha protini kwenye kitambaa cha kiti, na kwa joto la hapa kufikia alasiri kiti hicho hakikaliki.

Sasa kitambaa cha mhudumu. Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea. Kitambaa kile kile kinachofuta meza kinashuka kwenye kiti alichokalia mtoto, kinagusa sakafu, kinapanda tena juu ya meza. Kikiwa kimelowa tangu asubuhi, hakisafishi; kinagawa. Mgahawa wa kiwango uwe na vitambaa vya rangi mbili, moja ya meza, nyingine ya viti na chini, na vibadilishwe vinapochafuka, si vinapochanika. Meza ifutwe kwa maji ya sabuni, kisha kwa Jik iliyozimuliwa: kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5. Kipimo hicho ni cha meza tu. Cha matapishi ni kikali zaidi, kitafuata.

Kilichovunjika kisiokotwe na mzazi wala mtoto. Mzazi amnyanyue mtoto, hasa aliyevua viatu, na azuie wengine wasikanyage. Mhudumu aokote vipande vikubwa akiwa na kitu mkononi, afagie, halafu apapase eneo zima kwa karatasi ya tishu nene iliyoloweshwa au slesi ya mkate; chembe ambazo fagio halizioni zinanasa humo. Dekio lisiguse kabla ya hapo, maana chembe zikiingia kwenye nyuzi zitamsubiri yule atakayelikamua kwa mkono. Vipande vitiwe kwenye boksi, si kwenye mfuko utakaombeba mtu wa taka begani. Kuhusu malipo, mzazi ajitolee kulipa, na mgahawa ukatae. Ila dawa yenyewe ni kumpa mtoto kikombe cha plastiki tangu mwanzo bila kuombwa, jambo ambalo migahawa mingi hailifanyi. Viti virefu vya watoto ni adimu vile vile. Kinachotumika ni viti viwili vya plastiki vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine ili mtoto afikie meza, na miguu ya kile cha juu ikichezacheza, mamwago mengi yanaanzia hapo.

Vibanda vya jioni vya uji, bajia, mihogo na mishkaki vina sheria tofauti kwa sababu havina mhudumu. Yupo mama mmoja, benchi, jiko la mkaa na ndoo mbili. Hapo kila kitu ni cha mzazi, pamoja na kufuta benchi. Jambo moja tu la kuangalia: usichovye kitambaa chako kwenye ndoo yoyote uliyoikuta. Mojawapo ndiyo ya kuoshea vyombo vya wateja wote. Omba maji yachotwe kwa kata na umiminiwe pembeni. Mchuzi ukimwagika kwenye udongo, jivu kidogo kutoka jikoni linakausha na kuzuia nzi. Baada ya muda lifagiliwe pamoja na tope lake. Ubuyu pia uhesabiwe humu. Kokwa zilizotemwa chini zinateleza kama gololi juu ya vigae vya baraza, na rangi nyekundu ikiingia kwenye kiti cheupe cha plastiki haitoki kwa sabuni peke yake. Mtoto apewe karatasi ya kutemea kabla hajaanza kula, na anayempa ni aliyemnunulia.

Raskazone na bustani nyingine za ufukweni ndiko watu wanakojiachia. Nyasi, mchanga, upepo, mtoto anakula samaki akikimbia. Kwa wali na chipsi hakuna mahali pepesi zaidi, maana kunguru wa shingo ya kijivu hawachelewi. Lakini kunguru hali miiba yote. Tabia ya kufukia mabaki kwa kisigino ndiyo mbovu kuliko zote ufukweni: mwiba wa samaki uliofukiwa unaweza kusimama wima mchangani, na wa kwanza kuukanyaga ni mtoto mwingine asiye na viatu. Miiba na mifupa iokotwe yote, irudi kwenye sahani. Bustani inayofaa ina pipa lenye kifuniko kizito kila baada ya meza chache. Pipa wazi lina maana kunguru ameshalimwaga kabla ya magharibi, na hapo mzazi aliyejitahidi anaonekana mchafu bure.

Tufike kwenye matapishi, maana huko ndiko tofauti ya mahali na mahali inakodhihirika. Kazi ya mzazi ni mtoto: amtoe nje, amnawishe kwa maji na sabuni, ampe maji kidogo kidogo, abadilishe nguo. Asirudi kufuta sakafu kwa mtandio, hata roho ikimsuta. Aseme tu ukweli mapema, kama mtoto alikuwa anaharisha tangu nyumbani, kwa sababu mwambao unakijua kipindupindu na mhudumu ana haki ya kujua anachokigusa.

Mhudumu avae glavu. Akikosa, avae mikononi mifuko mitupu ya mkate. Watu wasogezwe. Matapishi yafunikwe kwanza kwa mchanga mkavu, jivu au vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala, vinyonye majimaji. Yakusanywe kwa vipande viwili vya boksi gumu, kimoja kikisukuma juu ya kingine, kutoka nje kuingia ndani. Ukianzia katikati unapanua. Vipande hivyo vitupwe pamoja na uchafu. Paoshwe kwa sabuni, pasuuzwe. Ndipo ije Jik: kikombe kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji, ambayo inatoa asilimia 0.5 ya klorini. Imwagwe ienee, iachwe dakika kumi kwa saa, kisha isuuzwe.

Wengi wanaanzia na Jik. Wanaimwaga juu ya matapishi yenyewe, harufu ya klorini inatawala, wateja wanaridhika. Kilichotokea ni kwamba klorini imeishia kupambana na chakula kilichotapikwa badala ya vijidudu, na chini yake vijidudu vinaweza kubaki hai. Kosa la pili ni dakika kumi kuwa dakika moja. La tatu ni chupa ya mchanganyiko iliyokaa dirishani siku nne: jua na joto vinaivunja Jik, iliyozimuliwa haifai kupita siku moja. Maji ya moto nayo yanaidhoofisha. La nne ni la hatari kweli: kuichanganya na dawa ya choo yenye tindikali au siki ili "iwe na nguvu". Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na ndani ya choo kisicho na dirisha gesi hiyo inaumiza mapafu.

Mkojo unatofautiana na matapishi kwa jambo moja ambalo mhudumu asiyejua atalikosea kwa nia njema. Jik isimwagwe juu ya mkojo mbichi. Zikikutana zinatoa mvuke unaowasha macho na koo. Maji kwanza, mengi, Jik baadaye. Na mji huu una sababu nyingine ya kuwa makini: mkojo ni najisi, na sehemu nyingi zina kona ya kuswalia. Katika fiqhi ya Shafii inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, ambaye hajalishwa chakula zaidi ya maziwa, hunyunyiziwa maji yakaenea pale palipopatwa, ikatosha. Wa kike, au wa kiume aliyekwisha kuanza uji, huoshwa: unanyonywa mkojo wenyewe mpaka uishe, kisha panamiminwa maji. Dekio bichi hapa ndilo adui. Mkojo wa kiasi cha kiganja unatandazwa ukawa wa upana wa mkeka, na dekio hilo hilo jioni linapita kwenye kona ya sala. Mgahawa wenye dekio la choo na dekio la ukumbini, kila moja na ndoo yake, unastahili kusifiwa kwa jina la mwenye nao, na ni michache yenye hayo.

Mkeka wa ukindu ukipatwa utolewe nje, umiminiwe maji pande zote mbili, uanikwe juani ukiwa umenyooshwa. Ukikunjwa mbichi unapata madoa meusi ya ukungu ndani ya siku mbili tatu, na hayo hayatoki. Hapo mzazi amsaidie mhudumu kubeba, maana mkeka mkubwa uliolowa si wa mtu mmoja.

Pampasi haibadilishwi juu ya meza ya chakula, wala kwenye kochi, wala kwenye kona ya sala. Kwa kuwa meza za kubadilishia watoto ni chache mno mjini, mzazi abebe kipande cha plastiki au kanga ya pili na atafute pembeni. Chafu ikunjwe ndani kwa ndani, ifungwe kwa vibandiko vyake, itiwe kwenye mfuko. Mfuko gani, hilo ndilo swali tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Wa kaki unalowa na kupasuka. Kinachofaa ni ule mfuko uliokuja na mkate, usafishwe utunzwe. Chooni isitupwe kabisa: ile unga ya ndani inanyonya maji na kuvimba, na choo cha kumwagia maji kwa kopo hakina nguvu ya kuisukuma. Gharama ya kuzibua na kunyonya shimo inamwangukia mwenye mgahawa, ambaye mwezi ujao ataweka tangazo mlangoni kwamba choo ni cha wateja wasio na watoto. Ufukweni isifukiwe; bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, likija linaifukua. Kama hakuna pipa lenye kifuniko, inarudi nyumbani na mwenyewe.

Mwisho ni usafiri, kwa sababu chakula hicho hicho kinaishia safarini. Kwenye bajaji kazi ni ya mzazi: dereva ni mmoja, ana tambara moja, na abiria anayefuata anasubiri. Kwenye basi la kutoka stendi ya Kange mzazi afanye ya njiani, wenye basi wafanye ya mwisho wa safari, na kijana anayeosha apewe chochote. Basi la Lushoto linahitaji maandalizi kuliko la Dar es Salaam, kwa zile kona za kupanda kutoka Mombo kupitia Soni. Mtoto asilishwe maziwa wala kitu cha mafuta kabla tu ya kupanda, akae mbele, dirisha lifunguliwe. Mzazi awe na kopo tupu la maziwa ya unga lenye kifuniko chake, gazeti, chupa ya maji na nguo moja ya akiba. Kopo linashinda mfuko: linasimama lenyewe, halivuji, linafungika. Matapishi yakimwagika sakafuni, gazeti linatandazwa juu mpaka basi lisimame. Jik isiingie ndani ya basi. Inachujua rangi ya viti vya kitambaa, na harufu yake madirisha yakiwa yamefungwa inawatapisha hata waliokuwa wazima.